Mtoto anapokwama kwenye hasi na chanya: dalili, chanzo na dawa

Ukifungua daftari la mtoto wa darasa la saba au kidato cha kwanza ukakuta −3 − 5 = 8, usikimbilie kuandika jibu sahihi pembeni. Jibu hilo halikuanguka tu kutoka juu. Kuna mtu alimwambia kwamba "hasi na hasi ni chanya", pengine ni wewe mwenyewe, na mtoto ametii. Ukimwandikia −8 atainakili, na wiki ijayo mtakutana tena palepale.

Yanayofuata ni kwa mwalimu, mzazi, au kaka na dada anayekaa na mdogo wake mezani jioni. Tutaanza na kile kinachoonekana daftarini, tuulize kimetoka wapi, ndipo tutibu. Zingatia kwamba watoto wawili wanaweza kuandika jibu lilelile bovu kwa sababu tofauti kabisa, na dawa ya mmoja isimsaidie mwingine.

Kwanza, kipimo. Mpe karatasi tupu na penseli, mwambie: "Chora mstari wa namba kuanzia hasi tano hadi tano." Halafu nyamaza. Usimwelekeze, usikohoe. Angalia mkono wake unaanzia wapi, kwa sababu nusu ya matatizo yote yatajionyesha hapo kabla hajafanya hesabu hata moja.

Mstari wenyewe umekaa vibaya

Kosa linalotokea sana ni hili: −1, −2, −3, −4, −5, 0, 1, 2, 3, 4, 5. Mkono umezoea kuandika kutoka kushoto kwenda kulia, na kuhesabu kumezoea kuanza na moja, basi hasi nazo zimepangwa hivyohivyo. Mtoto huyu hajui kuwa kuna tatizo. Kwake namba zote zipo, hakuna iliyokosekana. Ukimwambia "umekosea, geuza" atageuza leo tu. Mfundishe mahali pa kuanzia: sifuri katikati, halafu aweke namba kwa jozi. Aandike 1 kulia, palepale aandike −1 kushoto. Kisha 2, na −2. Akifika 5 atakuwa ameona mwenyewe kwamba kila namba na kinyume chake ziko umbali sawa kutoka sifuri, na kwamba −5 haina njia nyingine ila kukaa mwisho kabisa kushoto.

Nafasi zisizolingana ni jambo dogo: mpe daftari lenye viboksi, kiboksi kimoja kiwe hatua moja, yaishe.

Mtoto anayeruka sifuri, akatoka −1 akaingia 1, huyo anahitaji muda zaidi. Tangu darasa la kwanza sifuri kwake ni "hakuna kitu", sasa kwa nini kitu kisichokuwepo kipewe nafasi? Hapa baridi ya kwetu inafaa kuliko maelezo. Tambarare ya Kitulo, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, iko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai maji huganda huko, sakitu ikaunguza majani ya viazi. Kipimajoto kikisoma 0, je, hakuna hali ya hewa? Ipo, na inauma. Sifuri ni mahali ambapo watu wamekubaliana kuanzia. Na waliweza kukubaliana vingine: Anders Celsius wa Sweden alipotoa kipimo chake mwaka 1742, aliweka 0 pale maji yanapochemka na 100 pale yanapoganda. Baadaye ndipo kipimo kikageuzwa kuwa hiki tunachotumia. Watoto hulipenda hilo, hasa wale wanaodhani hisabati ilishuka ikiwa imekamilika.

Kuna mahali mtoto anayeruka sifuri angekuwa sahihi, nako ni kwenye kalenda. Mwaka 1 Kabla ya Kristo unafuatwa na mwaka 1 Baada ya Kristo. Mwaka sifuri haupo. Mwalimu wa historia akimwambia hivyo na wewe ukamwambia vingine, mweleze kwamba kalenda ndiyo iliyoacha pengo, si mstari wa namba.

Anasema −9 ni kubwa kuliko −4

Wengi hudhani mtoto huyu hajasoma. Mara nyingi amesoma vizuri sana, ila kwa mfano usiofaa.

Mfano tunaoupenda ni deni. Una deni la shilingi 4,000 dukani, mwenzako ana la 9,000. Nani ana deni kubwa? Mtoto anajibu la elfu tisa, na amejibu sawa kabisa. Sasa unageuka unamwambia −9,000 ni ndogo kuliko −4,000, naye anakutazama kama umemdanganya. Hujamdanganya, ila umemuuliza maswali mawili tofauti ukitumia neno moja. Ukubwa wa deni ni umbali kutoka sifuri. Ukubwa wa namba ni nafasi yake kwenye mstari: iliyo kulia ndiyo kubwa.

Ushauri wangu ni kuutumia mfano wa deni kwa kujumlisha na kutoa, ambako unafanya kazi nzuri mno, na kuuweka pembeni unapofundisha kulinganisha. Kwa kulinganisha tumia kipimajoto. Tuseme usiku mmoja Makete imesoma −4, Kitulo −9. Wapi kuna joto zaidi? Mtoto wa nyanda za juu hahitaji kufikiri. Anajua kwa mwili wake. Hapo ndipo umwambie achore mstari wima badala ya kulala, juu joto, chini baridi, aweke −4 na −9, kisha augeuze ulale. Ukilazwa kwa kuinamia kulia, juu inakuwa kulia. Akishaona hivyo, alama za > na < haziwezi kumsumbua tena kwa sababu anasoma nafasi, hasomi tarakimu.

Mjaribu na swali hili: panga 3, −7, 0, −2, 5 kuanzia ndogo. Akiandika 0, −2, 3, 5, −7, bado anasoma tarakimu bila alama. Akiandika −2, −7, 0, 3, 5, ameelewa kwamba hasi ziko chini ya sifuri lakini mpangilio wa ndani haujamkaa. Hao ni wagonjwa wawili tofauti. Huyu wa pili amebakiza kidogo tu.

Jibu linapungua au kuzidi kwa moja

Muulize kutoka −2 hadi 3 kuna hatua ngapi. Zipo tano. Akisema sita, amehesabu vituo (−2, −1, 0, 1, 2, 3) badala ya miruko kati yake. Akisema nne, amehesabu miruko lakini kwake sifuri haipo, mrudishe kwenye somo la sifuri hapo juu. Dawa ya yule wa sita ni kumfanya aruke kweli. Chora mstari kwa chaki sakafuni au kwa kijiti uani, asimame juu ya −2, na ahesabu "moja" pale tu mguu unapotua kwenye −1. Mahali aliposimama hapahesabiwi. Dakika chache zinatosha.

−3 − 5 = 8

Hapa ndipo penye msiba wenyewe, tukae.

Kaa naye umsikilize kabla ya kumsahihisha:

"Umepataje nane?"

"Si hasi na hasi ni chanya, mwalimu?"

"Weka kidole kwenye hasi tatu. Toa tano. Kidole kinakwenda upande gani?"

Kidole kinakwenda kushoto, kinatua −8. Anaangalia mstari, anaangalia daftari. "Lakini mwalimu, si alama za hasi ziko mbili?"

Ziko mbili, ndiyo, ila hazifanyi kazi moja. Ya kwanza ni sehemu ya jina la namba: inakwambia uanzie wapi. Ya pili ni amri: inakwambia utembee kwenda upande gani. Sentensi ya "hasi na hasi ni chanya" inahusu kuzidisha na kugawanya, (−3) × (−5) = 15, na inahusu pia kutoa namba hasi, ambako alama mbili zimekaa bega kwa bega. Lakini kwa mtoto imefika ikiwa haina mipaka. Anaona vijistari viwili popote, hata vikiwa vimetenganishwa na namba, anavifuta.

Mimi sentensi hiyo naipiga marufuku darasani mpaka tumalize kutoa. Najua walimu wenzangu watasema inaokoa muda. Inaokoa muda wa Februari, halafu inaudai kwa riba Agosti kwenye aljebra, mtoto anapoandika −3x − 5x = 8x na wewe hujui uanzie wapi.

Mambo mawili husaidia wakati marufuku hiyo ikiendelea. Kwanza, asome kila swali kwa sauti, "hasi tatu, toa tano", asikubaliwe kusema "hasi tatu hasi tano". Pili, kwa majuma machache aandike alama ya jina ikiwa ndogo na juu kidogo, ⁻3 − 5, ili macho yaone tofauti. Akizoea, mwenyewe ataacha.

Na mfano wa deni sasa ulete, maana hapa ndipo nyumbani kwake. Unadaiwa 3,000, umekopa tena 5,000. Hakuna mtoto Mwanjelwa nzima, pale Mbeya, atakayekwambia kwamba sasa ana 8,000 mfukoni.

−3 + 5 inaleta vituko vya kila aina

Jibu ni 2. Jibu bovu litakwambia chanzo. Akiandika −8, ameshika alama aliyoiona mwanzo akajumlisha tarakimu. Akiandika 8, alama hakuiona kabisa. Akiandika −2, huyu yuko karibu: ametafuta tofauti ya 5 na 3 vizuri, ila amempa ushindi aliyetajwa kwanza badala ya aliye mbali zaidi na sifuri. Wote watatu waende mstarini, lakini huyu wa mwisho muulize tu: "Unadaiwa elfu tatu, umepata elfu tano, umelipa. Bado unadaiwa?" Atafuta mwenyewe.

Kutembea huku mbele na nyuma si mchezo wa watoto tu. John Wallis, mwanahisabati wa Uingereza, mwaka 1685 alizieleza hasi kwa mfano wa mtu anayetembea: amekwenda yadi 5 mbele, kisha amerudi nyuma yadi 8, yuko wapi sasa? Yuko yadi 3 nyuma ya alipoanzia, yaani −3. Wakati ule wapo wasomi waliokuwa bado wanazishuku namba hizi. Mtoto wako anayezishuku hajachelewa sana.

4 − (−6) = −2

Ameona alama mbili, moja imemchanganya, ameiacha. Kwa kweli amefanya 4 − 6. Ukimwambia "hasi mbili zikikutana zinakuwa jumlisha" atapata 10, nawe utakuwa umerudisha ule ugonjwa wa juu kwa mlango wa nyuma. Aone kwanza kwa nini.

Chukua mahindi na maharage mekundu kutoka jikoni. Punje ya hindi ni chanya moja, punje ya haragwe ni hasi moja. Hindi moja na haragwe moja vikikaa pamoja vinafutana, ni sifuri. Weka mahindi 4 mezani. Sasa mwambie: "Toa hasi sita." Atatafuta maharage, hayapo. Mwache ahangaike kidogo. Kisha muulize kama anaruhusiwa kuongeza sifuri mezani bila kubadilisha thamani. Anaruhusiwa. Basi aongeze jozi sita za hindi na haragwe. Mezani sasa kuna mahindi 10 na maharage 6, na thamani bado ni 4. Toa maharage sita. Yamebaki mahindi kumi.

Tofauti ya maelezo haya na kanuni ni kwamba mtoto amezishika zile sita zilizoongezeka, anajua zilikotoka. Mwambie arudie kwa −2 − (−5), ambapo maharage yapo lakini hayatoshi, kisha −5 − (−2), ambapo yanatosha bila kuongeza kitu. Majibu ni 3 na −3. Hili la mwisho, ambalo jibu linabaki hasi, ndilo kipimo. Mtoto aliyekariri kwamba hasi mbili ni chanya ataandika 7 au 3, aliyeelewa ataandika −3.

Kama maharage yameshawekwa motoni, tumia ruwaza. Aandike kwa kushuka:

4 − 2 = 2
4 − 1 = 3
4 − 0 = 4
4 − (−1) = ?

Kinachotolewa kinapungua kwa moja, jibu linaongezeka kwa moja. Aendelee mpaka −6, afike 10.

Njia ya tatu ni ya zamani sana. Brahmagupta wa India, mwaka 628, aliziita chanya mali na hasi madeni, na akaandika kwamba deni likitolewa kwenye sifuri linakuwa mali. Mtoto wa leo anaelewa akiulizwa: mwenye duka akifuta deni lako la 6,000, umepata au umepoteza?

Kuzidisha

Hapa si pagumu kama watu wanavyodhani, mradi kutoa kumeshakaa. Mtoto akiandika (−3) × (−4) = −12, aandike ruwaza: 2 × (−4) = −8, 1 × (−4) = −4, 0 × (−4) = 0. Jibu linapanda kwa nne kila mara. Basi (−1) × (−4) haina budi kuwa 4, na kwa −3 ni 12. Sasa ile kanuni iliyopigwa marufuku inaweza kuachiliwa, ikiwa na mipaka yake.

Ila angalia −3² na (−3)². Ya kwanza ni −9, kwa sababu kipeo kinafanya kazi kabla ya alama ya hasi. Ya pili ni 9. MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) haitamsaidia hapo kwa kuwa haitaji vipeo. Na usimwambie ahakikishe kwenye kompyuta: Excel ukiiandikia =-3^2 inakupa 9, wakati hisabati ya darasani inasema −9. Mabano yaandikwe, ubishi uishe.

Mawili madogo ya kutazamia

Mtoto anaweka −1½ kati ya −1 na 0. Amefika −1, kisha akaongeza nusu kwa kwenda kulia kama anavyofanya kwenye 1½. Mwambie aanze sifuri atembee hatua moja na nusu kushoto. Atavuka −1 na kusimama kabla ya −2. Mkumbushe pia kwamba hii si namba kamili, ingawa inaishi kwenye mstari huohuo. −6 gawanya kwa 2, kwa upande mwingine, ni namba kamili, hata ikiandikwa kama sehemu.

Pili, |3 − 8|, yaani umbali wa jibu la 3 − 8 kutoka sifuri, anaandika 11. Amefundishwa kwamba vile vijistari viwili "vinaondoa hasi", basi ameing'oa hasi iliyo ndani na kuweka jumlisha. Aanze ndani: 3 − 8 = −5. Halafu umbali wa −5 kutoka sifuri: 5.

Anaweza kwenye namba ndogo, zikikua anapotea

Mtoto amezoea kuhesabu hatua moja moja, sasa umempa 470 − 700 na kiboksi kimoja kimoja hakitoshi ukurasa. Mfundishe mstari usio na vituo: sifuri tu, na namba zinazohusika. Anatoka 470, anashuka 470 kufika sifuri, kati ya 700 zimebaki 230, anaendelea kushuka. Jibu −230. Kusimama sifuri katikati ya safari ndiyo siri yote.

Mpe hesabu hiyo ikiwa na mwili. Uso wa Ziwa Nyasa, ukisimama Matema pale Kyela, uko mita 470 hivi juu ya usawa wa bahari. Sehemu yake yenye kina kirefu kabisa inazama mita 700 hivi. Kwa hiyo sakafu ya ziwa hilo iko mita 230 hivi chini ya usawa wa bahari, ingawa Bahari ya Hindi iko mbali mno kutoka hapo. Mwache achore mstari wima, aweke bahari kwenye sifuri, uso wa ziwa juu yake na sakafu chini yake.

Kisha aweke kilele cha Mlima Rungwe, mita 2,960 hivi, juu ya mstari huohuo, na umuulize kutoka kileleni hadi sakafu ya ziwa kuna tofauti ya mita ngapi kwenda chini. Ni 2,960 − (−230), mita 3,190. Akikuletea 2,730, usirudie somo zima. Lete mahindi na maharage. Akikuletea 3,190 bila kuandika mabano popote, kwa sababu ameangalia tu mchoro akajumlisha sehemu ya juu ya sifuri na ya chini yake, mpe vema yake, halafu mwombe akuandikie kwa alama kile alichokifanya.